Muhula mmoja katika kitivo cha wengine: ombi la kwanza ni la chuoni kwako

Mwanafunzi wa sheria anayetaka kusoma muhula mmoja mahali pengine kwa kawaida huanza na fomu ya chuo anachokitamani. Anajaza, analipa ada ya maombi, anawasumbua walimu wake wamwandikie barua, anakubaliwa, anashangilia. Kisha anapeleka habari kwa mkuu wa kitivo chake na kuambiwa kwamba kati ya masomo manne aliyochagua, matatu hayatahesabiwa. Sisi tunaoshughulikia maombi haya tunakutana na kisa hicho msimu baada ya msimu, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: amebisha mlango wa pili kabla ya ule wa kwanza.

Mwanafunzi mgeni hahami. Jina lake linabaki kwenye rejista ya chuo chake, na shahada itatolewa na chuo hicho hicho. Chuo mwenyeji kinampa nafasi darasani na, mwishoni, nakala ya matokeo. Nakala hiyo ina thamani gani? Jibu liko kwa waliokuruhusu uondoke.

Njia tatu ambazo watu huzichanganya

Anayehama anaachana na chuo cha kwanza na kuhitimu kwa jina la cha pili. Anayekwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi anabebwa na mkataba uliosainiwa na vyuo viwili: chuo chake ndicho kinachomteua, na mara nyingi ada anailipa kwao kana kwamba hakuondoka. Mgeni wa kujitegemea hana mkataba wa kumbeba. Anaomba mwenyewe, anakubaliwa au kukataliwa mwenyewe, na ada anayolipa ni ya chuo mwenyeji.

Njia hiyo ya tatu huwagharimu watu fedha nyingi, kwa hiyo tuitazame vizuri. Ufadhili unaopewa na chuo chako mara nyingi haukufuati unapokwenda kwa kujitegemea, na baadhi ya vyuo hukutoza pia ada ndogo ya kukuweka kwenye rejista wakati haupo. Kwa wanaotumia mikopo ya elimu ya serikali ya Marekani, msaada huo hauombwi kwa mwenyeji. Chuo unakosomea shahada ndicho kinachoushughulikia, na vyuo viwili husaini makubaliano yanayoeleza nani anathibitisha masomo yako na nani analipwa nini. Makubaliano hayo hayajiandiki. Usipokwenda mwenyewe katika ofisi ya fedha kuyaomba, utafika kwa mwenyeji ankara ikiwa imekutangulia na mkopo haujatoka. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kutuma ombi la kujitegemea, uliza kama chuo chako kina mkataba wowote na chuo unachokitaka. Wapo wanaolipa ada nzima mahali ambapo mkataba ungewapeleka kwa gharama ndogo zaidi, kwa sababu tu hawakuuliza.

Ruhusa, na hesabu ya krediti

Vitivo vingi vya Marekani havimruhusu mwanafunzi wa JD, shahada ya kawaida ya sheria ya nchi hiyo, kwenda kuwa mgeni kwingine mpaka atoe sababu nzito. Mwenzi aliyehamishiwa kazi mji mwingine, mzazi anayeuguzwa, au fani ambayo chuo chake hakiifundishi: hizo husikilizwa. Kutaka jina kubwa kwenye wasifu hakusikilizwi, na nadhani ni sawa. Mgeni haingii katika orodha ya ufaulu ya chuo mwenyeji, na mara nyingi hafunguliwi mlango wa usaili wa ajira unaofanyika chuoni hapo kwa ajili ya wanafunzi wake. Anayefuata jina ataondoka bila jina.

Baada ya ruhusa ndipo hesabu inapoanza, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu wanasheria wengi walikimbilia sheria ili wasihesabu tena.

Chama cha Mawakili cha Marekani, kinachoidhinisha vitivo vya sheria vya nchi hiyo, kinaipima krediti moja, yaani kizio cha kupimia uzito wa somo, kama dakika 50 za darasani na saa 2 za kazi nje ya darasa kila wiki kwa wiki 15. Jumla yake ni saa 42 na nusu. Ulaya, krediti moja ya mfumo wa ECTS ni saa 25 hadi 30 za kazi, na mwaka mzima wa masomo una krediti 60. Sasa chukua mwanafunzi wa Ulaya aliyesoma krediti 12 Marekani. Kwa saa, amefanya kazi ya saa 510, sawa na krediti 17 hadi 20 za kwao. Lakini vyuo vingi havihesabu saa. Vinalinganisha muhula kwa muhula, krediti 30 za Ulaya kwa takriban 15 za Marekani, na kwa kipimo hicho mwanafunzi yule yule ana krediti 24. Kati ya kipimo cha kwanza na cha pili kuna somo zima linaloonekana au kutoweka. Kipimo kipi kinatumika kwenu? Jibu la ana kwa ana halitoshi. Litake kwa maandishi, likiwa na jina la somo, idadi ya krediti na saini.

Kwa anayetoka Marekani kwenda nje kuna ukomo mwingine. Shahada ya JD inahitaji angalau krediti 83, na zile zilizopatikana katika vitivo vya nchi nyingine haziwezi kuzidi theluthi moja ya zinazotakiwa na chuo chake. Muhula mmoja haukaribii ukomo huo. Anayefikiria miwili, baada ya kusoma masomo ya kiangazi nje, na apige hesabu mapema.

Jambo lingine ni alama. Vyuo vingi huandika matokeo ya ugenini kama umefaulu au hukufaulu, bila kuyaingiza katika wastani wako, na huweka alama ya chini kabisa inayokubalika, mara nyingi C. Aliyetarajia kupandisha wastani kwa muhula wa ugenini hatapandisha kitu. Aliyepata D, alama ambayo mwenyeji anaiita ufaulu, anaweza kurudi mikono mitupu.

Halafu kuna chombo kinachosimamia uwakili katika nchi unayotarajia kufanyia kazi. Nchi nyingi zina orodha ya masomo ya lazima, na somo la sheria ya mikataba lililosomwa chini ya sheria za nchi nyingine si lazima lihesabike kuwa ndilo la kwenu. Sheria ya ushahidi ya Marekani, kwa mfano, imejengwa kwa sehemu kubwa kumlinda raia asiye mwanasheria aliyeketi kwenye jopo la kuamua mashauri asipotoshwe na ushahidi dhaifu. Mwanafunzi anayetoka nchi isiyo na jopo la namna hiyo atajifunza mambo ya kuvutia sana ambayo mahakama za kwao hazitamwuliza. Kwa hiyo masomo ya msingi yasome kwenu: mwenendo wa mashauri ya madai, ushahidi, katiba, maadili ya taaluma. Ugenini tafuta kile ambacho kwenu hakipo, au kile ambacho mji wenyewe unakifundisha. Hamburg ina Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari yenye majaji 21, The Hague ina Mahakama ya Kimataifa ya Haki yenye majaji 15, na Geneva ina Shirika la Biashara Duniani. Hiyo ni sababu ambayo mkuu wa kitivo chochote anaielewa bila kuelezwa mara mbili.

Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi ulioanza mwaka 1987, una hati ambayo ningependa kila mgeni wa kujitegemea aiige hata kama hahusiki nao: makubaliano ya masomo yanayosainiwa kabla ya safari na mwanafunzi, chuo kinachompeleka na chuo kinachompokea. Tengeneza yako. Na usiombe kibali cha masomo manne kwa sababu unahitaji manne. Omba cha manane. Wanafunzi wa mwenyeji hujisajili kabla ya wageni, semina ndogo hujaa, na kliniki za msaada wa kisheria mara nyingi huwa zimefungwa kwa mgeni tangu mwanzo. Mwenye kibali cha masomo manane hubadilisha somo kwa dakika chache. Mwenye manne huanza kuandika barua pepe usiku wa kuamkia wiki ya kwanza.

Jalada la maombi

Nyaraka zenyewe hazina mafumbo: nakala rasmi ya matokeo inayotumwa na chuo chako moja kwa moja, barua ya mkuu wa kitivo au msajili inayothibitisha kwamba uko katika hadhi njema, yaani huna doa la masomo wala la nidhamu, na umeruhusiwa kuchukua masomo ugenini, wasifu, barua ya maelezo, na mahali pengine barua moja ya mwalimu. Ukitakiwa kuthibitisha lugha, angalia tarehe ya mtihani wako: matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya TOEFL na IELTS huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili.

Barua ya hadhi njema ndiyo inayochelewa kuliko zote, kwa kuwa inapita mikono mingi. Iombe kwanza.

Kuhusu barua ya maelezo, kosa la kawaida ni kuwasifia wenyeji. Kamati inaijua sifa ya chuo chake. Sentensi kama “chuo chenu ni kitovu cha ubora wa kitaaluma duniani” haisemi lolote kuhusu aliyeiandika. Linganisha na hii: “Tasnifu yangu inahusu mipaka ya bahari, kitivo chetu kina somo moja tu la sheria ya kimataifa, na ninaomba kusoma masomo mawili mnayoyafundisha kuhusu bahari na utatuzi wa migogoro.” Ya pili ina mtu ndani yake. Ukurasa mmoja unatosha. Kama sababu yako ni ya kifamilia, iseme kwa sentensi mbili bila aibu na bila machozi.

Fomu nyingi za Marekani huuliza pia kama umewahi kuadhibiwa chuoni au kushtakiwa kwa kosa. Jibu ukweli wote. Kosa dogo la zamani kwa kawaida halizuii mtu, ila wanaochunguza tabia za waombaji wa uwakili wanaweza kuja kulinganisha ulichoandika hapa na utakachowaandikia wao, na jambo lililofichwa huwasumbua kuliko jambo lenyewe.

Kalenda na viza

Usiamini kwamba muhula ni muhula popote. Wa majira ya kuchipua Marekani huanza Januari. Mwanafunzi wa Ujerumani wakati huo bado yuko katikati ya muhula wake wa baridi, ambao mihadhara yake huendelea hadi Februari na rasmi humalizika 31 Machi. Australia huanza mwaka wa masomo Februari au Machi, Japani Aprili. Weka kalenda mbili kwenye karatasi moja uone mitihani yako ya kwenu inaangukia wapi. Ikigongana, omba muhula mwingine badala ya kutegemea huruma ya ofisi ya mitihani.

Majibu ya maombi ya wageni nayo huchelewa kwa sababu inayoeleweka: chuo kinasubiri kujua wanafunzi wake wangapi wanarudi na viti vingapi vimebaki. Pangisha nyumba kwa uangalifu katika kipindi hicho.

Kwa anayekwenda Marekani kutoka nje, aina ya viza hufuata ile njia uliyochagua mwanzo. Anayepelekwa na mkataba wa vyuo kwa kawaida hupewa hati za J-1, viza ya mipango ya kubadilishana, kwa kuwa mpango huo unadai uende kwa makubaliano ya taasisi au kwa fedha ambazo kwa sehemu kubwa hazitoki mfukoni mwako wala kwa familia. Anayejilipia mwenyewe mara nyingi huangukia F-1, viza ya kawaida ya mwanafunzi. Ada ya kusajiliwa katika SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, tangu mwaka 2019, ni dola 350 kwa F-1 na dola 220 kwa wanafunzi wengi wa J-1, nayo ni mbali na ada ya viza. Mwenye J-1 lazima awe na bima ya afya inayolipa angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, na wapo wanaofungwa na sharti la kurudi kuishi kwao miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani za viza. Ukishapata hati, ruhusa ya kuingia ni kuanzia siku 30 kabla ya masomo kuanza, si mapema zaidi.

Ukifika, ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe hautumiki hapa. Kitivo cha sheria hakikupi hata hizo mbili. Walimu wengi wa Marekani hutangaza kurasa za kusoma kabla ya kipindi cha kwanza, na kipindi hicho huanza kwa kumwuliza mtu maswali juu yake. Anaweza kuwa wewe.

Muhula ukiisha, matokeo hayarudi kwenu yenyewe. Wewe ndiye unayejaza ombi la nakala rasmi itumwe kwa msajili wako, na deni dogo la maktaba linaweza kuizuia. Kwa anayetumia muhula wa mwisho ugenini hili ni zito zaidi: chuo mwenyeji kinaweza kutoa alama baada ya chuo chako kufunga orodha ya wahitimu. Waulize msajili wote wawili tarehe zao kabla hujachagua muhula huo, na kama hazipatani, nenda muhula uliotangulia.