Dekupaji: mengi tunayoamini kuhusu karatasi sio kweli

Mtu akiona trei au chupa iliyopambwa kwa dekupaji, yaani picha za karatasi zilizokatwa, zikabandikwa na kufunikwa kwa vanishi, ikapendeza, swali la kwanza ni umetumia gundi gani. Jamani gundi ni ileile nyeupe ya mbao inayouzwa kila duka la hadiwea, hakuna siri hapo. Kinachotofautisha kazi na kazi ni karatasi. Karatasi ina unene, ina nyuzi, ina wino, na hivyo vitatu ndo vinaamua kama picha itakaa utadhani imechorwa pale pale au itatoa mikunjo na madoa. Sasa kuhusu karatasi ndo kuna maneno mengi watu wanapokezana bila kuyajaribu, na yanawakatisha tamaa wengi wanaoanza, kwa hiyo leo nayapitia moja moja.

"Karatasi yoyote inafaa, ni kukata na kubandika tu"

Hapana. Karatasi ikilowa nyuzi zake zinavimba, na zinavimba kwa unene zaidi kuliko kwa urefu. Karatasi za kiwandani nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja kwa sababu ya mwendo wa mashine, kwa hiyo karatasi ikipata gundi inatanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Ndo maana unabandika picha imenyooka vizuri kabisa, unageuka kuosha brashi, ukirudi imeshatoa mabonde. Wengi wanadhani gundi ilikuwa ndogo, wanaongeza, maji yanazidi na mikunjo inazidi.

Kwa karatasi ya kawaida ya fotokopi, ile ya gramu 80, au karatasi ya kufungia zawadi, ilowanishe kwanza mgongoni kwa gundi uliyoichanganya na maji kidogo, iache dakika chache imalize kutanuka, ndo uibandike ukianzia katikati ukisukuma hewa itoke pembeni. Ikikauka inajivuta yenyewe inakaza. Na ukitaka kujua nyuzi zimelala wapi chukua kipande cha karatasi hiyohiyo, lowesha upande mmoja, kitajikunja kuwa mrija, na urefu wa huo mrija ndo uelekeo wa nyuzi. Hii inasaidia sana kwenye chupa na mitungi, unapanga nyuzi zisimame wima na chupa, karatasi inazunguka bila kugoma.

"Napkini unaibandika ilivyo"

Hapa ndo nataka kukaa kidogo, kwa sababu napkini za mezani zenye maua ndo karatasi ya bei rahisi kuliko zote na ndo inayotoa kazi nzuri kuliko zote ukiijua. Napkini ile ya kawaida ya sentimita 33 kwa 33 ina safu mbili au tatu, na picha imechapwa kwenye safu ya juu tu. Zile za chini nyeupe unazitoa zote. Usipozitoa gundi inashika safu ya chini, ya juu inabaki inaelea, baada ya muda inabanduka na vanishi yake. Kuzitenganisha bandika kipande cha selotepu kwenye kona upande wa mbele na kingine upande wa nyuma, vuta taratibu, safu zinaachana. Angalia mara mbili, kuna zile za safu tatu unatoa moja unadhani umemaliza kumbe bado moja imejificha.

Kinachobaki mkononi ni chepesi mno, ukipiga brashi yenye maji juu yake inachanika. Kwa hiyo kwenye kitu bapa kama trei au kibao mi nawashauri watu watumie pasi. Paka gundi kwenye mbao, iache ikauke kabisa, tandika napkini juu, weka karatasi ya kuokea keki, alafu piga pasi kavu isiyo na mvuke, moto wa kati. Gundi nyeupe ikipata joto inalainika tena na inaidaka napkini nzima bila tone la maji, hakuna maji hakuna mkunjo. Ikishapoa ndo unapaka gundi au vanishi juu. Ukibonyeza kidole kwenye kona ukaona haiinuki ujue imeshika.

Kuhusu mkasi, kwa napkini weka pembeni. Chovya brashi nyembamba kwenye maji, zungushia picha, kisha vuta kwa mkono. Ukingo unatoka na vinyuzi vinyuzi na ukishabandika hauoni ilipoishia.

"Rangi ya chini haina shida, karatasi itaifunika"

Itaifunika ikiwa kavu tu. Karatasi inaonekana nyeupe kwa sababu kati ya nyuzi kuna hewa inayotawanya mwanga, gundi ikiingia kujaza zile nafasi mwanga unapita moja kwa moja na karatasi inakuwa kama kioo. Napkini ya waridi ukiibandika kwenye mbao ya mninga iliyoachwa wazi, waridi linapotea, unaona mbao. Paka kwanza rangi nyeupe au krimu ya maji, makoti mawili, alafu bandika. Kwenye chupa ya kijani au ya kahawia ndo usijaribu kabisa bila rangi nyeupe chini.

Kurasa za magazini zina tatizo hilohilo kwa upande mwingine, maandishi ya nyuma yanachomoza mbele ukishapaka gundi. Paka mgongo wake rangi nyeupe nyembamba uiache ikauke kabla hujabandika.

"Karatasi nene ndo imara"

Uimara unatoka kwenye gundi na vanishi, karatasi nene inaleta tu ukingo unaoshikika kwa kidole. Wale wa zamani waliobandika picha nene walikuwa wanapaka vanishi koti juu ya koti, hadi 30 au 40, wanapiga msasa katikati mpaka ukingo unazama. Ukiwa na subira hiyo kadi nene itakupa kazi ya ajabu. Kama huna, tumia nyembamba. Na ukikata nene, mkono wenye mkasi utulie, zungusha karatasi, alafu laza mkasi kidogo ukingo utoke na mteremko.

"Karatasi ya mchele imetengenezwa kwa mchele"

Wauzaji wanaiita hivyo na watu wanaamini, wengine wameenda supamaketi kununua ile ya kukunjia rolls za Kivietinamu wakitaka kuipigia gundi. Ile ni chakula, ni wanga, ikikutana na gundi inalainika na kunata. Karatasi ya dekupaji inayoitwa ya mchele kwa kawaida inatokana na nyuzi za magome ya miti ya jamii ya mforosadi, na utaalamu wake mkubwa uko Asia Mashariki. Wajapani wanaitengeneza kwa mkono mpaka leo, wanaiita washi, na mwaka 2014 UNESCO iliuweka ufundi wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nguvu yake ni urefu wa nyuzi, ni nyembamba unaona mkono kwa upande wa pili lakini ukiilowanisha haichaniki ovyo kama napkini. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona nyuzi zenyewe zinapishana. Anayeanza akiipata aichukue, inamsamehe mengi.

"Printi picha yako yoyote ubandike"

Inategemea printa. Printa za lezza na mashine nyingi za fotokopi zinatumia unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kugandishwa kwenye karatasi, maji hayaufanyi kitu. Printa za wino wa maji, hizi ndogo za nyumbani, wino wake mara nyingi unatembea ukiguswa na gundi, na uso wa bibi harusi unageuka zambarau. Kabla hujafanya lolote dondosha tone moja la maji kwenye kona, subiri, futa. Ikiacha rangi kwenye kidole, pulizia klia ya kopo, ile vanishi isiyo na rangi ya kupulizia, mbele na nyuma, iache ikauke, ndo uendelee, au peleka picha stesheneri ikatolewe kwa lezza. Na tafadhali picha ya zamani ya familia usibandike yenyewe, toa kopi. Ile halisi ukishaipaka gundi hairudi tena.

"Gazeti ni gazeti, linafaa kila mahali"

Gazeti ni zuri kwa mtindo wa zamani lakini karatasi yake ina lignini nyingi, kile kitu cha kwenye mti kinachogeuka njano kikipata jua na hewa. Kazi utakayoiweka dirishani itakuwa ya kahawia mapema tu. Ukilipenda hilo libandike, usipolipenda piga kopi ya ukurasa kwenye karatasi nyeupe ya fotokopi, sura ya gazeti inabaki.

"Bila kuagiza nje huwezi"

Hili linaniuma kuliko yote kwa sababu vitu viko. Mfuko wa simenti, ule wa karatasi, safu zake za ndani ni krafti, karatasi ngumu ya kahawia yenye nyuzi ndefu. Toa vumbi nje kabisa ukiwa umefunga pua na mdomo, simenti inaunguza ngozi na sio nzuri kwa mapafu, futa na kitambaa chenye unyevu, alafu ifinyange mkononi mpaka ilegee. Ichane vipande vipande, bandika kwenye kibuyu au chungu, ukimaliza paka rangi ya kahawia nyepesi na uifute juu juu. Mikunjo inashika rangi, na mtu atakuuliza ngozi hiyo umeitoa wapi. Mifuko ya kaki ambayo imejaa madukani tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki 2017 na Tanzania 2019 nayo inafanya kazi hiyohiyo. Kuna karatasi za mkono za nyuzi za migomba pia, kalenda za mwaka uliopita, ramani za zamani, karatasi za zawadi. Hata kipande cha kitenge kinakubali, ila kipake gundi kwanza kikauke ndo ukate, ukikata kikavu kinafumuka nyuzi.

"Ni mchezo wa watoto"

Karne ya 18 mafundi wa Venice walikuwa wanakata michoro iliyochapwa, wanaitia rangi, wanaibandika kwenye makabati na kuifunika kwa vanishi ili ifanane na samani za laka, zile zilizopakwa utomvu mgumu unaong'aa, kutoka China na Japani ambazo bei yake haikushikika. Na Uingereza kulikuwa na mama mmoja, Mary Delany, alianza kutengeneza maua kwa vipande vya karatasi za rangi juu ya karatasi nyeusi akiwa na miaka 72, ua moja linaweza kuwa na mamia ya vipande, na akatengeneza karibu elfu moja mpaka macho yalipomwishia. Yako British Museum, na wanaojua mimea wanayatambua moja moja.

"Ukishapaka gundi maji hayaingii"

Gundi nyeupe ya kawaida ikipata maji inalainika hata ikiwa imeshakauka, na hapa kwetu pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu wa hewa peke yake unatosha kuifanya inatenate mkononi na kutoa ukungu mweupe. Gundi inashikisha, kinacholinda ni vanishi juu yake. Vanishi ya maji haibadilishi rangi sana, ile ya mafuta ni ngumu zaidi lakini inakuja na unjano na inazidi kadiri miaka inavyoenda, kwa hiyo kwenye picha nyeupe iepuke. Iache kazi ikauke vizuri kabla ya vanishi, msimu wa mvua ipe siku ya ziada, ukifungia unyevu ndani utauona baadaye kama wingu.

Na sahani iliyobandikwa karatasi juu haiwekwi chakula, hata ungeipaka vanishi mara ngapi. Ukitaka sahani ya dekupaji chukua ya kioo, bandika kwa nyuma picha ikitazama mbele, chakula kinakaa kwenye kioo kitupu. Kuosha ni kufuta kwa juu tu, usiizamishe kwenye beseni.