Jean Bouise: Yanayokosewa kuhusu mwigizaji msaidizi

Dhana: Msaidizi ni mwigizaji aliyeshindwa kupata nafasi kuu.

Neno "msaidizi" linataja nafasi ndani ya filamu moja, halimpimi mtu. Jean Bouise, mwigizaji Mfaransa, mzaliwa wa Le Havre mwaka 1929, wapenzi wa filamu wanamkumbuka kama rafiki wa shujaa, daktari, mjomba. Lakini Villeurbanne, mji ulioshikana na Lyon, alikuwa mhimili wa kundi la tamthilia la mwongozaji Roger Planchon. Planchon alipoiweka jukwaani George Dandin ya Molière mwaka 1958, Bouise ndiye aliyekuwa Dandin mwenyewe, mkulima tajiri aliyeoa binti wa kikabaila na kuambulia fedheha. Miaka mitatu baadaye akawa Schweyk katika tamthilia ya Brecht. Hizo ni nafasi zinazobeba onyesho zima. Mke wake, Isabelle Sadoyan, naye alikuwa mwigizaji wa kundi hilohilo.

Dhana: Nafasi ndogo hukubaliwa kwa kukosa kubwa.

Mara nyingi ratiba ndiyo huamua. Mwigizaji mkuu wa filamu huwa kazini takribani siku zote za kupiga picha, wiki baada ya wiki. Sehemu za msaidizi zinaweza kukusanywa katika siku chache, bila kufuata mpangilio wa hadithi, naye akarudi jukwaani. Hatari iko kwenye kuchelewa: mvua ikiahirisha onyesho la nje, siku inasogea na kugongana na usiku wa tamthilia, na ukumbi uliokwisha kuuza tiketi hauwezi kufungua pazia bila mtu wake. Kwa hiyo tarehe za jukwaani huwekwa wazi kabla mkataba wa filamu haujatiwa saini.

Dhana: Asiye na maneno mengi hana kazi kubwa.

Tazama Le Dernier Combat ya Luc Besson, ya mwaka 1983. Humo binadamu wamepoteza uwezo wa kusema, na filamu karibu yote haina mazungumzo. Bouise ni daktari. Hofu yake, ukarimu wake, uchovu wake, vyote vinapita kwenye mikono na macho. Hapo hakuna sentensi nzuri ya kumwokoa mwigizaji aliyepwaya.

Mfano bora zaidi, kwa maoni yetu, ni Coup de tête ya Jean-Jacques Annaud (1979). Patrick Dewaere ni mchezaji wa mpira anayefungwa kwa kosa asilotenda, kisha anatolewa kwa sababu timu inamhitaji. Bouise ni Sivardière, tajiri wa mji na mwenyekiti wa klabu. Angeweza kumfanya dikteta wa kufoka. Yeye anamcheza kwa utulivu wa mtu aliyezoea kutiiwa, na utulivu huo ndio unaofanya hasira ya Dewaere iwe na kitu cha kugonga. Msaidizi akizidisha, mkuu anakosa pa kusimama; akipoa mno, ugomvi wenyewe unakufa.

Dhana: César (tuzo ya filamu ya Ufaransa) ya msaidizi ni nafasi ya pili.

Sivyo. Ni tuzo yenye orodha yake ya wateule, na ipo tangu César zilipoanza kutolewa mwaka 1976. Bouise aliipata mwaka 1980 kwa Sivardière.

Dhana: Kati ya kazi moja na nyingine, mwigizaji wa Ufaransa hana chochote.

Leo kuna bima ya ukosefu wa kazi ya wasanii, ila ina mlango mwembamba: saa 507 katika miezi 12. Onyesho au siku ya kupiga picha inayolipwa kwa mkupuo huhesabiwa saa 12. Kwa njia hiyo mtu anahitaji malipo 43, kwani 42 yanatoa saa 504, pungufu kwa saa tatu tu. Wengi hukwama kwenye mazoezi: yasipoandikiwa mkataba hayahesabiwi, hata yakichukua mwezi. Kwa msaidizi mwenye siku nne hapa na tatu pale, maonyesho ya jukwaani ndiyo hujaza pengo.

Wapo pia wanaodhani Le Grand Bleu (1988), alikokuwa mjomba Louis, ndiyo filamu yake ya mwisho kutoka. Bouise alifariki Julai 1989. Nikita, ambamo naye yumo, ilifika kumbini mwaka 1990.