Mapovu Yakikoma, Bia Haijaiva

"Mapovu yamekoma siku ya nne, kwa hiyo nimeshaitia chupani." Kauli hii ya wateja wetu wanaotengeneza bia nyumbani inatuudhi kuliko zote, maana mwisho wake ni chupa kupasuka kabatini na vigae vya kioo kutapakaa.

Mapovu si kipimo. Mfuniko wa ndoo ya kuchachushia ukivuja, gesi hutokea pembeni na mrija wa kutolea gesi hunyamaza, hali hamira iko kazini. Baridi ya Julai hapa Nairobi ikiingia, hamira nyingi za ale (bia inayochachushwa kwenye joto la wastani) husinzia kabla ya kumaliza sukari. Joto likirudi, huamkia ndani ya chupa.

Tumia haidromita, kifaa kinachoelea na kupima uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000); sukari ikiliwa na hamira, namba hushuka. Kilo 2.3 za kimea cheupe cha shayiri, bila kingine, zikilowekwa saa nzima kwa nyuzijoto 66, hutoa takriban lita 10 zenye kipimo cha 1.048. Bia hiyo hushuka hadi karibu 1.010. Pima siku ya kumi, kisha rudia baada ya siku tatu. Tikisa sampuli kwanza gesi itoke, la sivyo haidromita itainuliwa na kukudanganya. Namba zikilingana, tia chupani. Ikikwama 1.020, sogeza ndoo penye nyuzijoto 20 na uizungushe taratibu bila kuifungua.

Ukiitia chupani ikiwa imebakiza nukta 4 tu (yaani 0.004) kushuka, kisha ukaongeza gramu 6 za sukari kwa lita za kuleta gesi chupani, gesi itakaribia maradufu ya uliyokusudia. Tafadhali, kila mara jaza pia chupa moja ya soda ya plastiki. Ikiwa ngumu kama jiwe mapema mno, ondoa gesi kwenye chupa zote.

"Kimea kimoja hutoa bia dhaifu, lazima sukari." Hapana. Hiyo 1.048 ni kilevi cha karibu asilimia 5. Sukari huongeza ukali na kuifanya bia iwe nyepesi mdomoni. Ukitaka nguvu, ongeza kimea.

"Hamira ya mkate ni ileile." Itachachusha, ndiyo, ila haitulii vizuri chini na bia hubaki na tope.

"Jik kidogo ikibaki kwenye ndoo haidhuru." Inadhuru: klorini ikikutana na kimea huleta ladha ya dawa ya hospitali, na haitoki. Suuza kwa maji yaliyochemshwa.

"Hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) huchemshwa dakika 60 popote." Nairobi maji huchemka kwa nyuzijoto 94 hivi, na uchungu hutoka polepole. Chemsha dakika 75.