Acheni kugeuza pete ya ISO kabla ya kujua mita inakosea vipi

Nimeletewa tena kamera yenye kikaratasi kimebandikwa chini yake: "Mita inakosea stopu moja. Filamu ya 400 weka 200." Mita ni kile kipima mwanga cha ndani ya kamera, stopu moja ni mwanga kuzidi au kupungua mara mbili, na ISO ni wepesi wa filamu kushika mwanga. Nani alipima? Kwenye mwanga gani? Ndani mlikuwa na betri ya aina gani, na ilikuwa na umri gani? Kikaratasi hakisemi. Nimeshachoka na vikaratasi hivi, basi leo nayasema yote mara moja.

Mita inayokosea stopu moja juani, stopu moja kivulini na stopu moja chini ya taa ya chumbani si mbovu. Hiyo geuza ISO uendelee na maisha. Mbovu ni ile ambayo kosa lenyewe linahama. Mizani inayozidisha robo kilo kwa kila mzigo unaweza kuifanyia kazi. Inayozidisha robo kwa mzigo mdogo na kilo nzima kwa mzigo mkubwa, huna la kufanya nayo. Na huwezi kujua yako ni ipi kwa kupima mara moja dirishani na kulinganisha na programu ya simu. Ukipima mara moja unachojua ni kosa la pale dirishani tu.

Kesi nyingi ninazoziona ni za betri, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zenye selo ya CdS (kadmiamu salfaidi, inayopitisha mkondo zaidi mwanga ukizidi), kama Minolta SR-T 101, Canonet QL17 au Olympus OM-1, zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35. Uzuri wa betri ile haukuwa 1.35 yenyewe. Uzuri ni kwamba ilibaki hapo hapo karibu maisha yake yote, kisha ikafa ghafla. Waliobuni mita waliitegemea tabia hiyo, wala hawakuhangaika kuweka saketi ya kudhibiti volti. Betri za zebaki zikaondolewa sokoni kwa sababu ya sumu, na watu wakaanza kutumbukiza alkalaini ya 1.5 yenye umbo lile lile. Inaingia vizuri, mshale unapanda, kila mtu anafurahi.

Sasa tazama kinachotokea. Volti ikizidi, mkondo unazidi, mshale unapanda zaidi, mita inadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, na negativu inatoka nyembamba, yaani filamu imepata mwanga pungufu. Ndiyo asili ya ushauri wa kushusha ISO. Lakini alkalaini haikai kwenye 1.5. Inashuka taratibu tangu siku ya kwanza hadi karibu volti 1.0. Maana yake leo mita inakunyima mwanga, baada ya muda itapita kwenye 1.35 (siku hiyo itakuwa sahihi kabisa, hongera, ila hutajua ni siku gani), halafu itaanza kukosea upande wa pili. Na kikaratasi chako bado kinasema weka 200.

Si hilo tu. Kutoka 1.35 kwenda 1.5 ni ongezeko la asilimia 11 hivi, na kwenye saketi rahisi mkondo nao unaongezeka vivyo hivyo. Ila skeli ya mita haigawanyiki sawasawa. Kuna sehemu mshale ukisogea kidogo tu ni stopu nzima, na kuna sehemu usogeo huo huo ni theluthi ya stopu. Kwa hiyo hata betri ikiwa mpya kabisa, kosa la juani na kosa la gizani si moja. Pete ya ISO inasogeza skeli nzima kwa kipimo kimoja, haiwezi kunyoosha kosa lililopinda.

"Mbona picha zangu zinatoka?" Zinatoka kwa sababu filamu ya negativu inavumilia, na kwa sababu maabara inaposkani inasawazisha kila fremu bila kukuuliza. Weka filamu ya slaidi, isiyovumilia kosa, uone.

Betri ya oksaidi ya fedha, volti 1.55, ni bora kwa kuwa haitelezi. Kosa lake linabaki lile lile mwezi hadi mwezi, ingawa bado limepinda kwenye skeli. Betri ya zinki na hewa, ile ya vifaa vya usikivu namba 675, inatoa karibu 1.4 na inatulia. Inahitaji pete ya kuijazia nafasi, inahitaji hewa, na ukishabandua kile kistika inaanza kukauka utumie usitumie.

Halafu kuna wanaoweka dayodi ya Schottky, kijisehemu cha umeme kinachokula volti kidogo, kushusha 1.55 ifike 1.35. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba kinachopungua kwenye dayodi kinategemea mkondo unaopita, na mkondo wa mita hizi ni mdogo sana, tena unabadilika na mwanga. Ile 0.2 iliyoandikwa kwenye karatasi ya dayodi mara nyingi ilipimwa kwa mkondo mkubwa zaidi. Pima mkondo wa kamera yako kwanza, ndipo uchague dayodi. Nami naiweka, lakini sijawahi kuiita tiba kamili.

Na kabla ya kuweka chochote, uliza kama kamera inahitaji. Pentax Spotmatic ya 1964 ina saketi ya daraja: mshale unakaa katikati pande mbili zikilingana, na zikilingana volti haina neno. Nimeona Spotmatic zilizofungwa dayodi. Sijui zilikuwa zinaponywa ugonjwa gani.

Mengine kwa haraka. Mshale ukiruka unapozungusha polepole pete ya f (ya tundu la lenzi) au gurudumu la shata (la kasi ya kufungua na kufunga mwanga), na ukaruka pale pale kila mara, ni njia ya rezista (kizuia mkondo) iliyochafuka au kulika. Nikkormat FTn inajulikana kwa hili. Zungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi, wakati mwingine inajisafisha. Mshale ukisogea ukigonga kamera kidogo kwa kidole, galvanomita, yaani mtambo unaosukuma mshale, inakwama. Mita ikiwaka na kuzima ukibonyeza kifuniko cha betri, fungua utazame mistari ya skrubu ya kifuniko na kile kibati cha chini: ukiona kutu ya kijani, siki kidogo kwenye pamba kwa uchafu wa alkalaini, kisha kifutio cha penseli hadi chuma king'ae. Usiishie hapo. Fuata waya. Ganda la nje linaweza kuwa zima kabisa huku shaba ya ndani imekuwa nyeusi. Ukijaribu kulehemu, risasi inajikunja kama tone na haishiki. Waya huo haufufuki, badilisha wote. Na pima volti mita ikiwa imewashwa, maana bila mzigo waya mbovu nao unaonyesha namba nzuri.

Kamera zenye selo ya seleniamu, inayozalisha umeme wake kutokana na mwanga, kama Zenit-E na Olympus Trip 35, hazina betri, acheni kuitafuta. Kwenye Trip, kibendera chekundu kikipanda hata juani, selo au waya wake umekufa. Inasemwa kwamba mwanga ndio unaila selo. Sijashawishika. Zinanifikia selo zilizokaa gizani miaka mingi zikiwa mfu, na zilizokaa wazi zikiwa nzima. Ninachokiona kwenye zilizokufa ni unyevu na kutu kwenye viunganishi.

Kupima kwenyewe: ukuta wa rangi moja, usio na kivuli, katika mianga minne tofauti kutoka jua kali hadi taa ya chumbani. Ukitoka juani subiri dakika moja au mbili, selo ya CdS ina kumbukumbu ya mwanga uliotangulia. Jicho libane kwenye kitazamio, hasa mvaa miwani, kwa sababu mwanga wa nyuma unaingia hadi kwenye selo. Andika tofauti zote nne. Zikifanana, geuza ISO, mimi sitakusumbua. Zikitofautiana, rudi kwenye betri.

Ila mita unayolinganishia nayo ina makosa yake. Mita mbili nzuri zikitofautiana theluthi ya stopu, hakuna wa kuniambia ipi ni kweli. Na shata ya zamani iliyoandikwa 1/500 mara nyingi inakwenda taratibu kuliko hapo, hivyo mita iliyonyooka kabisa inaweza kukupa negativu nzito kwa kosa la shata. Kwa hiyo usiguse ile rezista ndogo ya kurekebisha iliyo ndani ya mita kabla shata haijapimwa.