Kuhamishia apt kwenye kerneli nyingine: yanayodhaniwa na yaliyotokea

Februari 2011 Debian, mfumo endeshi huria, ilitoa toleo la 6.0, na ndani yake mlikuwa na kitu kipya: dpkg na apt zilezile, yaani zana za kusakinisha vifurushi vya programu, lakini chini yake kerneli (kiini cha mfumo kinachoongea na mashine) ya FreeBSD badala ya Linux. Mfumo huo, Debian GNU/kFreeBSD, ulitolewa kama wa majaribio. Julai 2023 ukafungwa. Safari yake inajibu dhana nyingi ambazo bado nazisikia.

Dhana: Kichakataji ni kilekile, basi vifurushi vya Linux vitafanya kazi bila kujengwa upya.

Hapana. Programu iliyokwisha kujengwa hubeba namna ya kuiita kerneli yake, na kila kerneli ina namba na taratibu zake za kuitwa. FreeBSD inalo tabaka la kuendesha programu za Linux, ila hilo ni jambo jingine. Anayetaka vifurushi vya kerneli mpya atajenga vyote upya. Hata jina la mfumo ni kazi: kabla ya kujenga chochote, skripti za maandalizi lazima zilitambue jina kama x86_64-kfreebsd-gnu, na vifurushi vyenye nakala za zamani za skripti hizo hukwama hapohapo.

Dhana: apt ikishafunguka, umemaliza.

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Mahitaji ya kisimamizi cha vifurushi si makubwa: kufungua faili zilizofungashwa pamoja, kuandika faili, kuendesha skripti. Kuna pahali pagumu, kweli. Chombo cha start-stop-daemon, kilichomo ndani ya dpkg, hutakiwa kujua kama huduma fulani bado iko hai. Kwenye Linux kinasoma saraka ya /proc, kwenye FreeBSD kinapitia maktaba ya kvm, kwenye Hurd, kerneli ya mradi wa GNU, maktaba ya ps. Swali moja, njia tatu. Lakini mtu mwenye subira ataliandika hilo na kulimaliza.

Lisiloisha ni vifurushi vyenyewe, maelfu kwa maelfu, vilivyoandikwa na watu ambao mbele yao palikuwa na Linux tu. Chukua Hurd. Haina kikomo cha urefu wa njia ya faili, kwa hiyo haiweki thamani ya PATH_MAX, na POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, inairuhusu. Programu nyingi hutenga nafasi ya kumbukumbu kwa kuitumia thamani hiyo moja kwa moja, na ujenzi hufia kwenye mstari huo. Dawa ni kutenga nafasi kulingana na mahitaji, mistari michache tu. Kisha unarudia kwenye kifurushi kinachofuata, na kila mara unamwandikia mwenye programu kumwomba akubali badiliko kwa ajili ya mfumo ambao hajawahi kuuona. Kazi hii nzito hufanywa na watu wachache wa kujitolea, na nadhani hatuwashukuru vya kutosha.

Dhana: Programu ikifuata POSIX, kerneli haina maana.

Ni zipi hizo zinazoishia kwenye POSIX? epoll (kusubiri matukio), inotify (kufuatilia mabadiliko ya faili) na cgroups (kupanga programu zinazoendeshwa katika makundi) vilianzia Linux, havimo katika POSIX. Kwa kusubiri matukio, FreeBSD ina kqueue yake. systemd, programu ya kuanzisha huduma iliyokuwa chaguo-msingi la Debian kwenye Linux kuanzia toleo la 8 mwaka 2015, inategemea cgroups. Kwa hiyo wa kFreeBSD walilazimika kubaki na njia nyingine ya kuanzisha huduma.

Dhana: kFreeBSD ilikufa kwa sababu ufundi ulishindikana.

Ilikuwa inawaka na kufanya kazi. Iliachwa nje ya matoleo rasmi kuanzia hilo la 8, na mwishowe mikono ya kuitunza ikakosekana. Hurd, ambayo wengi waliizika mapema zaidi, haijawahi kuwa toleo rasmi la Debian, lakini bado inapumua: Debian GNU/Hurd 2025 ilitoka Agosti mwaka huo, ikiwa na usanifu wa biti 64 na takriban asilimia 72 ya vifurushi vya Debian. Asilimia iliyobaki inangoja kurekebishwa kifurushi kimoja kimoja.