Fiziolojia ya mazoezi: kozi hii ya chuo kikuu inafundisha nini?

Wengi wakisikia kuna shahada ya fiziolojia ya mazoezi hudhani ni ualimu wa michezo uliopewa jina la kifahari. Sivyo. Kozi hii inachunguza mwili ukiwa kazini: moyo, mapafu, damu na misuli hubadilika vipi pale pale mtu anapoanza kukimbia, na hubadilika vipi akiendelea kukimbia kwa miezi kadhaa.

Chukua moyo. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Kijana mwenye afya akijituma hadi mwisho wa nguvu zake, kiasi hicho hufika lita 20 hivi. Aliyezoea mbio ndefu, mapigo yake akiwa amepumzika hushuka. Hilo hata mtu wa mtaani analijua. Mwanafunzi anadaiwa sababu. Ataeleza kwamba ujazo wa damu mwilini umeongezeka, chumba cha kushoto cha moyo kimetanuka, na kila pigo sasa linatoa damu nyingi kuliko zamani.

Ndiyo maana mwaka wa kwanza hujaa anatomia, baiolojia ya seli, kemia na takwimu. Waliojiunga kwa mapenzi ya mpira hushtuka hapa, na baadhi yao huhama. Baadaye huja mifumo ya nishati: akiba ndogo iliyomo ndani ya msuli inayotosha sekunde chache za mbio kali, kisha uvunjaji wa sukari bila kusubiri oksijeni, kisha uchomaji wa sukari na mafuta kwa kutumia oksijeni, ambao ndio unaombeba mkimbiaji wa marathoni. Yote mitatu hufanya kazi kwa pamoja tangu hatua ya kwanza. Kinachobadilika ni upi umebeba mzigo mkubwa.

Uhondo wenyewe uko maabara. Mwanafunzi mmoja hupanda mashine ya kukimbilia akiwa amefungwa barakoa yenye mrija, wenzake wakiongeza kasi au mwinuko hatua kwa hatua mpaka ashindwe. Tuseme dakika ya mwisho amevuta lita 100 za hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 20.9, aliyoitoa ina 17.4. Tofauti ni asilimia 3.5, yaani kama lita 3.5 za oksijeni zimebaki mwilini. Akiwa na kilo 70, hiyo ni mililita 50 kwa kila kilo kwa dakika, takriban mara 14 ya anachotumia akiwa amekaa kitini. (Hesabu kamili ina marekebisho yake, nimeirahisisha.) Kipimo hiki huitwa kiwango cha juu cha matumizi ya oksijeni, na msingi wake uliwekwa Uingereza miaka ya 1920 na A. V. Hill, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, ambaye alikuwa akikimbia mwenyewe katika majaribio yake.

Kozi nzuri pia hubomoa imani za zamani. Maumivu ya misuli yanayokuja siku moja au mbili baada ya zoezi gumu bado watu huyasingizia laktiki asidi, zao la uvunjaji wa sukari ndani ya msuli. Lakini laktiki inayopanda kwenye damu wakati wa zoezi hurudi kawaida kwa saa moja hivi, na kabla ya hapo moyo na misuli yenyewe huitumia kama chanzo cha nishati. Maumivu yale yanahusishwa na michubuko midogo ndani ya nyuzi za misuli, hasa msuli unapofanya kazi huku ukirefuka, kama wakati wa kushuka mlima.

Isichanganywe na majirani zake. Biomekanika inahusu nguvu na mwendo wa viungo; fiziotherapia ni taaluma ya tiba yenye leseni yake; ukocha ni kazi ya kumwandaa mchezaji. Mhitimu wa fiziolojia ya mazoezi anaweza kupima wanariadha, kufanya utafiti, au kusimamia mazoezi ya wagonjwa wa moyo na kisukari akishirikiana na madaktari, ingawa kwa kazi ya hospitali nchi nyingi humtaka apate cheti cha ziada. Kwa anayechagua chuo, swali la kwanza la kuuliza ni saa ngapi za maabara zimo kwenye ratiba, na kama wanafunzi wenyewe ndio wanaoshika vifaa.