Kabla hujaagiza mitungi ya gesi ya friji

Kila tunapokaribia Septemba 16, Siku ya Kimataifa ya Tabaka la Ozoni, simu za ofisini kwetu, tunakotoa vibali vya gesi hizi, huongezeka. Safari hii nyingi zinatoka kwa waagizaji ambao mitungi yao ya gesi ya friji na viyoyozi imezuiwa bandarini kwa kukosa kibali. Wengi wao ni wafanyabiashara waaminifu, ushuru wameshalipa, na hawaoni kosa liko wapi. Nieleze kwa urefu kidogo.

Tuanze na mtungi wenyewe. Ule wa kawaida wa R22, gesi ya viyoyozi vingi vya zamani, una kilo 13.6. Kilo moja ya R22, kwa kipimo cha miaka 100, huipasha dunia joto sawa na kilo 1,810 za kaboni dioksidi. Mtungi mzima unakaribia tani 25. Fundi akikata paipu la AC mbovu na kuiacha gesi itoke, ule mlio wa "fsss" unadumu dakika chache tu pale uani, lakini gesi yenyewe inapanda. R22 ina klorini pia, na klorini ikifika huko juu inaila ozoni inayotukinga na miale mikali ya jua.

Naomba hili lieleweke, maana tumelisema miaka mingi: joto la Dar es Salaam mwezi Februari haliletwi na tundu la ozoni. Ozoni ikipungua tunapata saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na mazao hudhoofika. Joto ni shauri la gesi zinazoifunika dunia kama blanketi. Gesi za friji zimo katika mashauri yote mawili, na hapo ndipo watu wanapochanganya.

Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya kituo chao cha Halley, Antaktika, ilikuwa ikipungua sana kila ifikapo Oktoba. Septemba 16, 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa nchi wa kupunguza gesi zinazoharibu ozoni, ikatiwa saini. Leo ina wanachama 198, hakuna nchi ya Umoja wa Mataifa iliyobaki nje, na sekretarieti yake iko Nairobi. Marekebisho yaliyoingiza gesi za HFC, zisizo na klorini lakini zinazoipasha dunia joto, kama R134a na R404A, yalipitishwa Kigali Oktoba 2016. Anayesema haya ni mambo ya Wazungu anakosea.

Sasa kibali. Kwa nchi zinazoendelea, matumizi ya kundi la R22 yalisimamishwa yasiongezeke mwaka 2013, yakapunguzwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025, yote yakipimwa kwa wastani wa 2009 na 2010. Mwaka 2030 yanakoma, isipokuwa kiasi kidogo cha kukarabati mitambo iliyopo. Kwa hiyo mgawo wako, yaani kiasi unachoruhusiwa kuagiza, ukipungua, hakuna ofisa aliyekuonea. Kibali huombwa kabla ya kuagiza, si meli ikishatia nanga. Unaandika aina ya gesi, idadi ya mitungi, kilo na nchi inakotoka. Nchi hiyo nayo inaweza kutuuliza kama tunakutambua kabla haijaruhusu mzigo utoke. Ikifika, gesi inaweza kupimwa kwa kifaa, kwa sababu maandishi ya mtungi hayatoshi: mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyojazwa gesi bandia yalilipuka na kuua watu. Mzigo usio na kibali hushikiliwa, gharama za kuuhifadhi au kuurudisha zinaweza kukuangukia wewe, na shauri linaweza kufika mahakamani. Adhabu hutegemea shtaka, kwa hiyo sitataja kiwango hapa.

Ukali huu una sababu. Takwimu za kila mwaka lazima zifike kwenye sekretarieti kabla ya Septemba 30 ya mwaka unaofuata. Nchi ikizidisha kiwango, shauri lake hupelekwa kwenye Kamati ya Utekelezaji yenye nchi 10, mbili kutoka kila kanda kati ya kanda tano. Kwanza nchi hujieleza na kuleta mpango wa kujirekebisha, na husaidiwa. Isipotekeleza huonywa. Hatua ya mwisho ni kusimamishiwa baadhi ya haki, ikiwemo biashara ya gesi hizi. Mitungi 200 iliyopitishwa kwa njia za panya inaweza kuharibu hesabu ambayo waagizaji wengine wote wameiheshimu.

Mwenye AC ya R22 nyumbani asiogope. Hakuna atakayekuja kuing'oa. Kinachodhibitiwa ni gesi inayoingia nchini. Ila aache kuamini kwamba gesi ya AC "huisha" kila mwaka kama mafuta ya gari. Haiishi. Inazunguka ndani ya paipu zilizofungwa, na ikipungua basi inavuja mahali. Anayekujazia bila kutafuta tundu ameuza gesi itakayokuwa hewani kabla ya Krismasi.

Wanasayansi wanakadiria kwamba, tukiendelea hivi, ozoni itarudi katika hali ya 1980 kufikia takribani mwaka 2040 sehemu kubwa ya dunia, na 2066 juu ya Antaktika. Fundi akija kwako wiki hii, kabla hajashika spana muulize mashine yake ya kukusanyia gesi iko wapi. Kama hana, mwambie akaitafute kwanza.